Je, Wajua? Kusahau Kuna Aina Zake

Je, wajua kwamba mtu aliyeanza kupima kusahau kwa hesabu alijipima mwenyewe? Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri mpaka akazitoa bila kukosea, kisha akajijaribu tena baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Ndani ya saa moja, zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limepotea. Baada ya hapo kasi ilipungua, na kilichovuka siku ya kwanza kilielekea kudumu. Kwa hiyo ukifika nyumbani umeshasahau nusu ya hotuba ya mgeni rasmi, ubongo wako ni mzima. Huenda tatizo lilikuwa hotuba.

Na je, wajua kwamba dawa ya hali hiyo ilitumika katika madrasa za Lamu na Unguja kabla Ebbinghaus hajazaliwa? Anayehifadhi Kurani hupewa sehemu mpya, lakini mwalimu hamwachi mpaka asikie ya jana na ya wiki iliyopita. Wanasaikolojia wamekuja kuthibitisha jambo hilo hilo maabara: kurudia kidogo kidogo kwa siku nyingi kunashinda kukesha usiku mmoja. Anayekesha anaweza kufaulu mtihani wa kesho. Mwulize tena mwezi ujao.

Umeingia chumbani, umesimama katikati, hujui ulichofuata? Mlango una sehemu yake katika kosa hilo. Mwaka 2011 Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walionyesha kwamba watu waliobeba vitu na kuvuka mlango walivisahau zaidi kuliko waliotembea umbali ule ule ndani ya chumba kimoja. Ubongo huchukua mlango kuwa mwisho wa tukio moja na mwanzo wa jingine. Waliorudia majaribio hayo baadaye walikuta athari si kubwa, na hujitokeza zaidi kichwa kikiwa na mambo mengi. Rudi ulikotoka. Mara nyingi wazo utalikuta huko huko.

Je, wajua kwamba simu unayoitafuta hukuisahau mahali ulipoiweka? Hukuwahi kuijua. Mkono uliiweka juu ya friji wakati akili iko kwenye ada ya shule, na kitu ambacho hakikuangaliwa hakiwi kumbukumbu. Hilo ni suala la umakini, si maradhi.

Ukitumwa dukani vitu vinane bila karatasi, usilaumiwe. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa wakati mmoja vitu saba hivi, kuongeza viwili au kupunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alirudia hesabu hiyo akaishusha hadi karibu vinne.

Jina liko mdomoni, halitoki. Hali hiyo ilipimwa mwaka 1966 na Roger Brown na David McNeill, nao wakagundua kwamba anayetafuta neno mara nyingi hujua herufi yake ya kwanza na hata idadi ya silabi zake. Kwa hiyo neno lipo, njia ya kulifikia ndiyo iliyoziba kwa muda. Umri ukiongezeka hali hii huongezeka, na majina ya watu ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa jina halishikani na kitu kingine chochote. Ukiambiwa mtu ni mwokaji mikate unaona unga, tanuri na asubuhi ya mapema. Ukiambiwa jina lake, unapata sauti tupu. Ndiyo maana mtaani kwetu Mama Rehema na fundi wa baiskeli hawasahauliki upesi, wakati majina yao ya kitambulisho hayajulikani na mtu. Jina likikujia lenyewe saa nne usiku ukipiga mswaki, hesabu kwamba uko salama.

Mwulize mtu mzima wa Nairobi au Dar es Salaam alikuwa wapi tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani zilipolipuliwa. Atakuambia alivaa nini na nani alimpa habari. Je, wajua kwamba uhakika huo si ushahidi? Asubuhi iliyofuata ajali ya chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waliandika jinsi walivyopata habari. Walipoulizwa tena takribani miaka mitatu baadaye, wengi walisimulia kisa tofauti, na kwa kujiamini. Walionyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe na bado baadhi yao wakashikilia toleo jipya. Wanaogombana miaka nenda miaka rudi kuhusu nani alisema nini siku ya msiba wa babu, huenda hakuna kati yao anayesema uongo.

Je, wajua habari za Henry Molaison? Alikuwa kijana wa miaka 27 mwenye kifafa kikali. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari wa upasuaji alimwondolea sehemu za ubongo pande zote mbili, zikiwemo hipokampasi, viungo vidogo vilivyojikunja ndani ya ubongo usawa wa masikio. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Daktari aliyeongea naye asubuhi alikuwa mgeni kwake jioni. Kisha mwanasaikolojia Brenda Milner akampa zoezi la kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo, jambo linalomtatiza mtu yeyote. Siku baada ya siku Molaison aliimarika, ingawa kila siku aliamini ni mara yake ya kwanza. Hapo ndipo sayansi ilipopata hakika kwamba kumbukumbu za matukio zina makao yao na ujuzi wa mikono una makao mengine. Ndiyo sababu bibi aliyepoteza majina ya wajukuu anaweza bado kusuka ukili bila kukosea hata mkunjo mmoja, na babu asiyejua leo ni siku gani akamaliza swala au wimbo wa kanisani kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpe kazi hizo. Bado ni zake.

Wapo pia wasiosahau. Mmarekani Jill Price, aliyeelezwa na watafiti wa California mwaka 2006, hukumbuka karibu kila siku ya maisha yake tangu ujana. Mwenyewe anaiita hali hiyo mzigo.

Usiku wa kulala kwa saa nne tu hudhoofisha kumbukumbu hata ya mtu wa miaka 25, na wengi wanaodhani wameanza kuzeeka kichwani wana deni la usingizi tu. Wanawake wengi wanaokaribia kukoma hedhi hulalamika kusahau maneno na miadi. Kwa wengi hali hiyo hupita.

Sasa tufike kwenye uzee, maana hapo ndipo maswali yalipo. Je, wajua kwamba uzee wenyewe hupunguza kasi ya kumbukumbu bila kuibomoa? Mzee mzima wa afya huchukua muda kulifikia neno, hushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, husahau miwani. Lakini msamiati wake unaweza kuwa mpana kuliko wa mjukuu wake mhitimu, na akikumbushwa jambo hulipata: “Ahaa, kweli, uliniambia.” Mgonjwa hukumbushwa na bado hakuna kinachorudi. Kwake tukio zima halipo.

Madaktari wa ubongo wana ishara moja ambayo haigharimu hata senti. Mtu anayekuja kliniki peke yake, na orodha ndefu ya mambo anayoyasahau, mara nyingi hana ugonjwa mkubwa wa kumbukumbu, maana kuyakumbuka yote hayo na kufika kliniki kwa saa yake ni kazi. Wasiwasi huanza pale anapoletwa na mwanawe, yeye mwenyewe anasema hana tatizo lolote, na kila akiulizwa swali anageuza shingo kumtazama mwana amjibie. Jaribu kuliangalia hilo nyumbani kabla ya kuhesabu ni mara ngapi funguo zimepotea.

Mengine ya kuangalia yamo katika maisha ya kila siku. Muuza duka aliyekuwa akipiga hesabu kichwani leo anashindwa kurudisha chenji. Mama anauliza kama wageni wamekula, anajibiwa, na baada ya dakika tano anauliza tena, na tena, kwa maneno yale yale. Mzee anapotea akitoka msikitini, njia aliyoipita miaka arobaini. Fedha anazificha ndani ya gunia la mchele, kisha anamshtaki dada wa kazi kwa wizi. Mpishi wa shughuli za mtaa mzima anasimama mbele ya sufuria asijue kitunguu kinatangulia au nyama. Jambo moja, mara moja, halina uzito. Yakiwa mawili matatu, yakijirudia kwa miezi na kuvuruga kazi ambazo mtu alizimudu, usingoje.

Je, wajua kwamba ugonjwa maarufu kuliko yote wa kusahau, katika mgonjwa wake wa kwanza kuandikwa, ulianza na wivu? Auguste Deter alikuwa na miaka 51 alipopelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt mwaka 1901. Mumewe alisema yalianza kwa kumshuku bila sababu, ndipo kumbukumbu zikafuata. Daktari wake, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wake baada ya kifo chake mwaka 1906, akakuta mabonge ya protini na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer. Mabadiliko ya tabia kwa mtu mzima aliyekuwa mpole nayo yanastahili daktari, hata kama bado anajua siku na tarehe.

Hiki usikisome haraka: kusahau kulikokuja GHAFLA, kwa saa au siku chache, ni dharura. Bibi aliyekuwa sawa Jumapili na Jumatano anaongea na watu wasiokuwepo, analala mchana na kukesha usiku, hajaanza uzee siku hizo tatu. Mara nyingi ana maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au dawa mpya isiyomfaa. Kwa wazee homa inaweza isionekane kabisa, kuchanganyikiwa kukawa ndiyo dalili pekee. Na kama mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanaburuzika, hicho huenda ni kiharusi, na saa zinahesabiwa.

Je, wajua ni mambo mangapi yanayoharibu kumbukumbu na yanayotibika? Hapa ndipo ninapokasirika kila nikisikia “ni uzee tu huo”. Tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango, akili huwa nzito, na kidonge cha kila siku hurekebisha. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyohivyo, na metformin, dawa ya kisukari inayomezwa na maelfu ya wazee wetu, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha kiwango cha vitamini hiyo. Sonona kwa mtu mzima hujifanya ugonjwa wa kusahau: haongei, hajali, akiulizwa anasema “sijui” hata kabla ya kufikiri. Pombe. Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa. Kaswende ya zamani iliyopanda ubongoni. Kuanguka bafuni au kwenye bodaboda, kisha damu ikavuja polepole chini ya fuvu, dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau ile ajali. Na dawa zenyewe! Vidonge vya kawaida vya mafua na mzio kama klorfeniramini, amitriptyline ya usingizi na maumivu, diazepam, vyote vinaweza kumvuruga mzee. Mtu anaweza kumezeshwa vitatu kwa pamoja kutoka maduka matatu ya dawa, na hakuna muuzaji anayejua alichouza mwenzake.

Masikio nayo. Baba anayeambiwa jambo na “kulisahau” pengine hakulisikia. Anza kwa kumwangalia nta.

Je, wajua kwamba kipimo kimoja cha kumbukumbu kwa Waafrika kinatumia njiti za kiberiti? Vipimo vingi kutoka Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore saa, na bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu hufeli kabla ya kuanza. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA. Mzee huulizwa mambo kama kiongozi wa kijiji chake ni nani, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, kisha hupanga njiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Huko huko Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu. Wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu waende Hai.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kusema takribani asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Yamo presha, kisukari, sigara, lehemu, kutosikia, kutoona, upweke, moshi wa hewa chafu, majeraha ya kichwa, na kukosa elimu utotoni. Presha ya mtu wa miaka 45 ndiyo ya kushughulikia leo, wala isisubiri afike sabini.

Utafiti mmoja mashuhuri ulifanywa kwa masista wa Kikatoliki 678 nchini Marekani, ambao walikubali kupimwa kila mwaka na kutoa bongo zao baada ya kufa. Mmoja alifariki akiwa na miaka 101, akiwa amefanya vizuri katika mitihani yake ya kumbukumbu, lakini ubongo wake ulikutwa umejaa mabonge yale yale ya Alzheimer. Ajabu zaidi ni insha walizoandika wakiwa wasichana: waliobana mawazo mengi katika sentensi zao wakiwa na miaka ishirini na kitu walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua walipozeeka.

Je, wajua kwamba kwetu kusahau kunaweza kumgharimu mtu uhai? Mwanamke mzee anayezunguka usiku, anayeongea peke yake, anayekutwa kwenye uwanja wa jirani asijue alivyofika, jina lake ni mchawi kabla hajawa mgonjwa. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kuni na samadi. Kaunti ya Kilifi, Kenya, imezika wazee wengi waliotuhumiwa hivyo, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la walionusurika. Si kila mtuhumiwa ana ugonjwa wa ubongo. Wapo wanaoandamwa kwa sababu ya shamba. Lakini mgonjwa hawezi hata kujitetea, maana hakumbuki jana usiku alikuwa wapi.

Dawa ya kurudisha kumbukumbu iliyokwisha kwenda na Alzheimer haipo. Donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Lecanemab, iliyopata idhini kamili huko mwaka 2023, huupunguza ugonjwa kasi kidogo kwa walio hatua za mwanzo. Majani ya ginkgo yanayouzwa kama dawa ya akili yalijaribiwa kwa zaidi ya watu 3,000 wenye umri mkubwa, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha hayakuzuia chochote. Unapoletewa chupa kwa bei ya mbuzi, nunua mbuzi.

Lakini kukosa dawa si kukosa la kufanya. Wilayani Hai, wazee wenye demensia waliwekwa katika vikundi vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono, vikao 14 kwa wiki saba, na uwezo wao wa akili ukapanda.

Na je, wajua swali linalowaumiza wagonjwa hawa kuliko mengi? Ni lile la kila mgeni anayeingia mlangoni: “Bibi, unanijua? Haya, nitaje jina.” Chumba kizima kinangoja, bibi anatabasamu kwa aibu, watu wanacheka. Mwamkie, sema “Shikamoo bibi, mimi ni Salma, mtoto wa Zainabu,” kisha kaa chini.

Kama yupo mtu nyumbani kwako mwenye dalili tulizozitaja, mpeleke kituo cha afya mwezi huu. Aende na anayeishi naye, si mjukuu aliyekuja likizo. Tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za miti shamba, uziweke mezani kwa daktari. Andika lini mlianza kuona mabadiliko, na kama alianguka. Omba apimwe presha, sukari, damu, Ukimwi, kaswende, na tezi pale kipimo kinapopatikana. Ukiambiwa “ni uzee tu” kabla hata hajapimwa presha, omba daktari mwingine.